Kutoka Mirembe hadi Nyumbani: Akili Zisizofanana katika Historia ya Singida

Lugha ni shahidi wa historia. Tangu kale Waswahili walimwita mtu ambaye akili yake haikwenda kama za wenzake mwendawazimu, neno lenye nasaba na mzimu, au walimwita zezeta, au punguani. Majina hayo yaliwakusanya pamoja watu wa hali mbalimbali: aliyeugua akili ukubwani, aliyechelewa kusema, na mtoto asiyemtazama mtu usoni wala kustahimili kelele. Walipokosa majina mbalimbali, walikosa pia msaada mbalimbali.

Wakati wa Wadachi, nyumba ya Lutindi katika milima ya Usambara, iliyoanzishwa mwaka 1896 kwa watoto waliookolewa utumwani, ilianza mwaka 1904 kupokea wagonjwa wa akili. Kisha Waingereza walifungua hospitali ya Mirembe mjini Dodoma mwaka 1927. Dodoma ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Kati, na Singida ilikuwa ndani ya jimbo hilo. Basi kwa watu wa Singida matibabu ya akili yalikuwa safari ya kilomita zipatazo 240 kutoka kwa jamaa na mifugo. Mgonjwa aliweza kupata nafuu huko, na hilo si jambo dogo. Lakini hospitali haikuweza kuwa malezi ya mtoto asiyekuwa mgonjwa. Ilikuwa mwaka 1943 ndipo daktari Leo Kanner, huko Marekani, alipoeleza habari za watoto 11 wenye hali ambayo leo Kiswahili huiita usonji. Hali hiyo si homa ipoayo kwa dawa. Ni umbile la akili, nalo huishi na mtu maisha yake yote.

Baada ya uhuru Singida ikawa mkoa, mwaka 1963. Mnamo mwaka 1969 serikali ilianza kuweka vijiji ambamo wagonjwa wa akili walikaa wakilima, badala ya kubaki wodini. Upande wa elimu, shule ya wasioona ya Buigiri ilifunguliwa mwaka 1950, na ya viziwi huko Tabora mwaka 1963. Bali madarasa ya watoto wenye ulemavu wa akili yalingoja mpaka miaka ya 1980. Sababu yaweza kufahamika. Upofu huonekana, na asiyeona huhurumiwa. Mwenye usonji ana macho na masikio mazima. Kwa hiyo asipoitikia salamu huhesabiwa kuwa hana adabu, na mama yake hulaumiwa kwamba hakumlea.

Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, ziligeuza uso wa safari: haki ya mtu sasa ni kuishi katika jamii yake. Lakini sheria haimfundishi mtu kuvaa shati. Kazi hiyo ni ya nyumbani, na Singida nyumbani ni shamba la alizeti na uwele, zizi la ng'ombe, na soko la vitunguu. Mtaalamu wa tiba ya usemi humwona mtoto kwa saa chache. Jamaa humwona mchana kutwa. Hivyo tiba iliyo bora ni ile inayomfundisha mama, kaka na mwalimu mambo madogo: kutoa agizo moja kwa wakati mmoja, kuonyesha kazi kwa mkono au kwa picha, kutobadili ratiba pasipo kumwarifu mtoto, kumtafutia mahali pa utulivu siku ya mnada, na kutomlazimisha kumkazia mtu macho.

Katika Wilaya ya Ikungi ipo shule ya msingi iitwayo Ikungi Mchanganyiko, wanamosoma pamoja watoto wenye ulemavu na wasio nao. Jina hilo lafaa kupimwa na kila kijiji cha mkoa. Kijana mwenye usonji anayejua kila ng'ombe wa baba yake kwa rangi na kwa mlio ana kazi ya kufanya. Hana budi apewe, tena alipwe haki yake kama wenzake.