Musira na Udanganyifu wa Maji Mafupi

Maji ya kifuu ni bahari ya chungu, walinena wahenga. Methali hii ya watu wa minazi inalifaa pia Ziwa Viktoria, na hasa mji wa Bukoba ulioko ukingoni mwake upande wa magharibi. Mbele ya mji huo kimesimama kisiwa cha Musira: jabali lililoinuka majini, na chini yake kijiji cha wavuvi. Aliye ufukweni hukiona asubuhi na jioni, na mtumbwi wa mashine hukifikia kwa muda mfupi. Ni kivuko kidogo mno kuandikiwa historia, ndivyo wengi wanavyodhani. Lakini wakazi wa visiwani wanajua kwamba hakuna neno linalohadaa kuliko neno "karibu".

Wahaya wa kale hawakuyadharau maji hayo. Ziwa lilikuwa na mwenyewe, naye ni Mugasha, bwana wa mawimbi na tufani, ambaye jirani zao Waganda humwita Mukasa. Masimulizi ya Bukoba yanasema kwamba zama za wafalme, Musira kilikuwa mahali pa kuwatupa waliohukumiwa. Msomaji wa Unguja atakumbuka mara moja Changuu, kisiwa kilichojengewa gereza katika miaka ya 1890, gereza ambalo halikupata kufunga mtu. Badala yake kikawa karantini ya wasafiri walioshukiwa kuwa na maradhi. Visiwa viwili, maji mbalimbali, fikra moja: mtawala hahitaji ukuta pale penye mkondo. Aliyetengwa anauona moshi wa jiko la kwao, wala hawezi kuufikia. Hapo ukaribu wenyewe huwa sehemu ya adhabu.

Mwezi wa Aprili 1875 Henry Morton Stanley, akilizunguka ziwa kwa mashua yake iliyoitwa Lady Alice, alitua Musira, akaisifu mandhari yake. Siku chache baadaye, tarehe 28 Aprili, aligombana na watu wa Bumbire, kisiwa kilichoko kusini zaidi, ambacho leo kimo katika Wilaya ya Muleba. Walimnyang'anya makasia, naye akafyatua risasi, akaponyoka. Mwezi wa Agosti alirudi na msafara wa mitumbwi na bunduki, akawapiga wenyeji waliokuwa wamesimama ufukweni, yeye akiwa salama majini. Hata huko Uingereza wapo waliomlaumu kwa kitendo hicho. Zingatia, msomaji, kazi ya maji katika kisa hiki: yale yaliyomfunga mfungwa wa Musira yalimkinga mwenye bunduki mbele ya Bumbire. Maji hayana upande. Upande ni wa mwenye chombo na silaha.

Waliofuata walipita tu. Emin Pasha aliasisi kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890. Mwezi wa Juni 1915 Waingereza walivuka kutoka Kisumu, wakauvamia mji na kukiharibu kituo chake cha redio. Vitabu vinawataja makamanda na meli zao. Wapiga makasia wa visiwani, ambao kwao ziwa lilikuwa njia ya kila siku, hawakuachiwa hata mstari mmoja.

Dharau hii kwa mvukaji mdogo imeendelea, na gharama yake ni roho za watu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama Mombasa, katika mkondo ambao mtu humwona mwenziwe ng'ambo ya pili. Walikufa watu 272. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba, iliyotoka Bukoba ikiwa imejaa kupita kiasi, ilizama karibu na Mwanza, safari ikielekea ukingoni, na mamia wakapotea. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka ilipokuwa ikikaribia gati la Ukara. Walikufa watu 228, ilhali chombo kiliruhusiwa kubeba 101. Katika misiba yote mitatu nchi kavu ilikuwa karibu. Tunaogopa masafa marefu, tukayapimia mafuta na kuyaombea dua. Masafa mafupi tunayapanda kama ngazi ya nyumbani.

Na bado ni hao wavukaji wadogo wanaotuokoa. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilipoanguka ziwani karibu kabisa na uwanja wa Bukoba, waliotangulia kuifikia ni wavuvi na mitumbwi yao. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 24 walipona. Nchi ikawashangilia wavuvi hao kana kwamba wameibuka siku ile kutoka vilindini, ilhali walikuwapo siku zote, wakivuka.

Washairi wetu wameliimba jahazi na dau, wakausifu na upepo wa kusi. Mtumbwi wa Musira bado unasubiri beti zake. Lakini kabla ya beti unastahili mambo mepesi zaidi: jaketi la kuokolea kwa kila abiria, habari za hali ya hewa zinazofika kijijini kabla ya alfajiri, na orodha ya majina ya waliopanda, hata kama safari yenyewe haizidi urefu wa soga.