Konzo, na Subira ya Mwenye Kupooza

Wasikilizaji wetu, barabara itokayo Mwanza na kupita Nyashimo huendelea mpaka Musoma, kisha Tarime. Huko Tarime, mwaka 1985, ukame ulipozidi, watu walitegemea muhogo mchungu, nao kwa njaa hawakuutayarisha vya kutosha. Ghafula wengine, hasa watoto na wanawake, wakakakamaa miguu yote miwili.

Haukuwa uchawi. Daktari Mwitalia, Trolli, alikuwa ameyaandika maradhi haya mwaka 1938 katika Kongo ya Kibelgiji. Wayaka wa huko huyaita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Mwaka 1981 yalizuka Nampula, Msumbiji, yakawapata watu zaidi ya 1,000. Sababu ni sumu ya muhogo, hasa mtu akikosa samaki, nyama na kunde, vyakula viusaidiavyo mwili kuitoa.

Yatupasa kusema kweli: hapana dawa ya kuirudisha miguu ilivyokuwa. Walakini konzo haizidi yenyewe, mtu asipoila tena sumu ile. Na katika majuma ya kwanza wengi hupata nafuu. Mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani liligawa wagonjwa mafungu matatu: aendaye bila fimbo, aendaye kwa fimbo au magongo, na asiyeweza kwenda. Hapo ndipo juhudi ilipo. Misuli inyoshwe kila siku ili kisigino kisikae juu. Magongo yalingane na kimo cha mwenyewe. Na wengine hospitali huwapasua kurefusha kano ya kisigino.

Mgonjwa asijipime kwa mbio zake za zamani, bali kwa hatua za jana. Jana alifika mlangoni. Leo na afike jikoni. Bandu bandu huisha gogo. Nao jamaa zake wasimfanye mgeni nyumbani: mikono yake mizima yaweza kuchambua pamba na kushona nyavu. Mtu aliye na kazi hukumbuka kuwa yu mtu.

Tena, kila aliyepooza apelekwe hospitali upesi, kwani sababu ni nyingi. Hata kichocho cha ziwa letu huweza kuufikia uti wa mgongo, nacho kina dawa.

Nasi tupikao tuloweshe muhogo mchungu siku tatu, mpaka ulainike, ndipo tuuanike. Siku hizo tatu ni chache kuliko miaka ya magongo.