Kanama na Hesabu ya Kuagana na Mashirika ya Hisani

Kanama, ambayo leo ni kata ya wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, ilikuwa komuni ya mkoa wa Gisenyi kabla ya mageuzi ya utawala ya miaka ya 2000. Jirani yake ni Nyundo, ambako Mapadri Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, walifungua misheni mwaka 1901. Kwa miongo mingi iliyofuata, aliyetaka elimu katika vilima hivi alibisha hodi kwa wamisionari. Wabelgiji, watawala wa kikoloni wakati huo, waliufurahia mpango huo: kuanzia 1930 waliipa misheni ruzuku na kuiachia karibu shule zote, wakatawala kwa gharama ndogo. Serikali zilizokuja baadaye zilirithi swali gumu: huduma iliyojengwa na mashirika ya hisani itarudije mikononi mwa umma bila fedha kupotea? Historia ya Rwanda inafundisha kwamba kumwondoa mtoa huduma ni hatua ya mwisho. Kwanza serikali yenyewe lazima ijue inalipia nini, kwa bei gani, na nani anahakiki.

Eneo hili lilishuhudia jinsi mambo yanavyokuwa pasipo maandalizi hayo. Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari, mamia ya maelfu ya wakimbizi walipita Gisenyi kuingia Goma, ng'ambo ya mpaka, na mashirika yakawafuata. Kati ya Aprili na Desemba mwaka huo misaada ya dharura ya Rwanda iligharimu takriban dola bilioni 1.4, na sehemu kubwa ilikwenda kwenye kambi za nje ya nchi. Desemba 1995 serikali ya Rwanda iliyatimua mashirika 38 na kusimamisha mengine 18. Ilikuwa na sababu ya kulalamika, kwani uratibu ulikuwa hafifu na kila shirika lilishika njia yake. Lakini amri ya kufukuza haileti mishahara wala dawa. Serikali iliyopoteza watumishi wengi katika mauaji hayo ilipata mamlaka juu ya huduma kabla ya kupata nguvu za kuziendesha.

Njia ya pili ilianza kimya kimya mwanzoni mwa miaka ya 2000, pale mikoa ya Cyangugu na Butare ilipojaribu kuvilipa vituo vya afya kwa kazi iliyofanyika. Mwaka 2006 mpango ulianza kuenezwa nchi nzima kwa awamu. Mama akijifungulia kituoni, kituo kililipwa dola 4.59, ilhali hudhurio la kwanza la kliniki ya wajawazito lililipiwa senti 9 tu. Kila robo mwaka timu ya hospitali ya wilaya ilikuja kupima ubora, na alama zake zilipunguza au kulinda malipo. Vituo vya kanisa vililipwa kwa utaratibu uleule kama vya serikali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulilinganisha vituo 166. Vile ambavyo vilikuwa havijaingia kwenye mpango vilipewa fedha za kiasi hichohicho kwa njia ya kawaida. Hata hivyo, waliojifungulia vituoni waliongezeka kwa asilimia 23 pale malipo yalipofuata kazi. Tofauti haikutokana na wingi wa fedha.

Wapo watakaosema kwamba bei hugeuka kuwa chambo, wahudumu wakakimbilia chenye malipo. Hoja hiyo ina uzito: utafiti uleule haukuona ongezeko la wajawazito waliokamilisha mahudhurio manne. Basi bei zirekebishwe, maana angalau kasoro imeonekana. Ruzuku ya jumla ingeificha. Wengine watauliza huduma imekuwaje ya umma ilhali mfadhili ni yuleyule. Kweli, kufikia 2012 vituo vya tiba ya VVU vilipohamishwa kutoka mashirika ya kimataifa kwenda Wizara ya Afya, fedha nyingi zilibaki za Marekani, na Januari 2025 Washington iliposimamisha misaada hatari ya utegemezi huo ilidhihirika. Hata hivyo, wizara yenye mikataba na wahudumu wake inaweza kuamua kipi kipunguzwe na kipi kilindwe. Mwaka 1995 hakuna aliyekuwa na uwezo huo. Hivyo kipimo cha kuagana vizuri na hisani si nani amebaki na bango la kituo, awe padri au wizara. Ni kama siku mfadhili anapoondoka, daftari la gharama tayari liko mezani kwa atakayelipa.