Bwana Msa Hakuzaliwa Baker Street

Kila anapotajwa mwandishi wa riwaya Muhammed Said Abdulla, hukumu huwa imekwisha kutolewa: mpelelezi wake, Bwana Msa, ni Sherlock Holmes aliyevishwa kanzu. Kiko kipo, rafiki mwepesi wa kurukia majibu yupo, maiti ipo. Ushahidi gani tena? Athari ya Conan Doyle, muumba wa Holmes, haikanushiki. Lakini hukumu hiyo inairuka miaka 20 ya kazi za mwandishi mwenyewe, na humo ndimo alimotoka Bwana Msa.

Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alipomaliza shule mwaka 1938 aliajiriwa kuwa mkaguzi katika idara ya afya, akadumu huko kwa takriban miaka 10. Mkaguzi wa afya huingia uani mwa watu. Hawaulizi wenyeji nani kaloga; hutazama maji yaliyotuama, hufunua mapipa, huuliza nani kaanza kuugua na lini. Mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, kisha akapitia Al-Falaq na Afrika Kwetu, magazeti ambayo wasomaji wake hawakuwa wakikaa baraza moja. Aliyefanya kazi pande zote mbili hakosi kujua kwamba kisa kimoja kina wasimulizi wengi, na kila mmoja ana lake analolificha.

Basi soma upya Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyoshinda shindano la uandishi la 1957/58 na kuchapishwa mwaka 1960. Bwana Ali ameuawa, kichwa kimekatwa, na mahali penyewe ni mzimuni. Jibu la wepesi liko tayari, na litamfaa sana muuaji. Najum, yule rafiki mwepesi wa kurukia majibu, anababaika; Bwana Msa anavuta kiko chake na kuutafuta mkono wa binadamu. Miaka tisa kabla yake, katika Kusadikika, Shaaban Robert alijenga nchi isiyo na ramani ili aihukumu dhuluma. Abdulla aliirudisha riwaya kwenye mashamba na njia za Unguja, akamtaka msomaji apime maneno ya kila shahidi. Hata Kisima cha Giningi (1968), chenye jina la makao ya wachawi, kinadai ushahidi.

Wako waliomlaumu kwamba ulimwengu wake ni wa mabwana wa kabla ya Mapinduzi ya 1964, na kwamba kati ya 1973 na 1976 alitoa riwaya nne kama kwamba hakuna kilichobadilika. Lawama hiyo mimi siioni uzito wake. Mabwana hao kwake ndio washukiwa, na nyumba zao ndizo zinazopekuliwa. Anayetaka Mapinduzi anazo riwaya za Adam Shafi.

Warithi wake ni wengi. Faraji Katalambulla alikwisha kumpeleka mpelelezi mjini katika Simu ya Kifo (1965). Baadaye Elvis Musiba akampa mpelelezi wake, Willy Gamba, bastola na safari za nje. Mbio ziliongezeka, subira ikapungua.

Abdulla alifariki mwaka 1991, na bado huwekwa katika sura ya “riwaya pendwa”, mbali na Shaaban Robert. Mahali pake ni sura ileile ya Shaaban Robert. Mmoja aliifundisha riwaya ya Kiswahili kuhukumu, mwingine akaifundisha kuchunguza kabla ya kuhukumu.