Siagi ya Denmark na Macho ya Watoto

Mwanzoni mwa karne ya 20 Denmark ilisifika kwa siagi yake, ambayo nyingi ilipakiwa melini kwenda Uingereza. Katika nchi hiyohiyo watoto wa maskini walipofuka kwa kukosa siagi. Tangu mwaka 1882 wafugaji walikuwa na viwanda vya ushirika vilivyoengua malai ya kutengenezea siagi, kisha maziwa matupu yakarudishwa shambani kwa nguruwe na kwa watu wa nyumbani. Mkate ulipakwa majarini, na majarini ya mafuta ya mimea ya wakati ule haikuwa na vitamini A.

Watoto hao walifikishwa kwa Carl Edvard Bloch, daktari wa watoto jijini Copenhagen. Kwanza mtoto hushindwa kuona jioni giza linapoingia. Kisha weupe wa jicho hukauka na kupoteza mng'ao, konea (kioo cha mbele cha jicho) hufifia, hulainika, mwishowe hutoboka. Hatua hiyo ya mwisho yaweza kutimia kwa siku chache, na jicho lililofika hapo haliponi.

Katika kituo kimoja cha kulelea watoto, Bloch alikuta 32 waliogawanywa sawasawa katika nyumba mbili. Nyumba moja ilipata maziwa kamili, na macho ya watoto wake yalikuwa mazima. Nyingine ilipewa uji, majarini na maziwa yaliyoenguliwa. Humo watoto 8 kati ya 16 waliugua. Walipopewa mafuta ya ini la samaki wakapona. Marekani nako, mwaka 1913, majaribio ya panya yalikuwa yameonyesha kwamba mafuta ya siagi yana kitu ambacho mnyama hakui bila hicho.

Uthibitisho mkubwa uliletwa na Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1917 nyambizi za Ujerumani zilibana safari za meli, siagi ikakwama nchini, na Desemba serikali ya Denmark ikaanza kugawa siagi kwa mgao: gramu 250 kwa kila mtu kwa wiki, kwa bei ambayo hata maskini aliimudu. Wagonjwa wa macho karibu watoweke. Mgao ulipoondolewa mwaka 1919, wakarudi.

Bloch aliona pia kwamba watoto hao hawakuhimili maambukizi. Jambo hilo zito halikupewa uzito kwa miongo mingi, hadi utafiti wa daktari wa macho Alfred Sommer nchini Indonesia ulipoonyesha kwamba upungufu wa vitamini A huua hata kabla ya kupofusha. Afrika Mashariki, ambako surua imepofusha watoto wengi, jaribio la vitamini A katika hospitali ya Mvumi, Dodoma, lilichapishwa mwaka 1987. Kati ya wagonjwa 92 wa surua waliopata matibabu ya kawaida walikufa 12. Kati ya 88 walioongezewa vitamini A walikufa 6, na nafuu ilionekana zaidi kwa walio chini ya miaka miwili.