Mjusi wa Tanga

Aendaye maporomoko ya Hale, wilayani Korogwe, kutafuta visukuku hurudi mikono mitupu. Mto Pangani, ushukao baina ya milima ya Usambara na nchi ya Wazigua wa Handeni, umechonga korongo lake katika miamba iliyopikwa zamani mno chini ya ardhi. Na katika jiko kama lile hausaliki mfupa.

Bahati i mashariki, karibu na bahari, ambako matope ya kale yaligeuka jiwe pasipo kuungua. Huko, si mbali na mji wa Tanga, F. P. Mennell alipata mwaka 1922 mifupa ya mtambaazi mdogo, umbo la mjusi, aliyeishi zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Mwaka 1924 S. H. Haughton akamwita Tangasaurus mennelli. Tanga ikapewa nusu ya jina, mgunduzi nusu ya pili. Mifupa yenyewe ikapewa Cape Town. Ile mikubwa ya Tendaguru, Lindi, ilikuwa imekwisha tangulia Berlin.

Mtoto wa Korogwe aulizaye mjusi wa mkoa wake yuko wapi huonyeshwa ramani ya Afrika Kusini.