Kutorosha Binti: Kutoka Mikelenge Hadi Nchi ya Baridi

Kila mtu wa Kindu anajua uzito wa maneno haya yakisemwa alfajiri: «Binti hayuko.» Mama anaangalia kitanda, anaangalia valizi, anapiga kelele. Baba anakaa kimya. Shangazi ndiye anaulizwa wa kwanza, kwa sababu kila mara siri inapitia kwa shangazi. Kabla jua halijapanda sana, mjumbe anafika kutoka upande wa kijana, anabisha hodi, anakaa chini, anasema: «Msimtafute mtoto wenu mtoni wala porini. Yuko kwetu.» Hapo watu wanapumua. Wakishapumua, ndipo wanaanza kukasirika.

Hiyo ndiyo kutorosha. Katika kijitabu cha mila si vizuri tuandike tu juu ya ndoa zilizofuata njia sawasawa, na barua, na mbuzi, na wazee wenye kofia. Ndoa ya kutoroka nayo ni sehemu ya historia yetu, na ina sheria zake.

Sababu ya kuandika ni mpwa wangu. Kijana huyu anakaa hapa Mikelenge, ana kazi, ana adabu. Jioni moja alinionyesha picha katika simu yake: ziwa jeusi, milima yenye theluji, kakanisa ka mbao, watu wawili wamevaa makoti mazito wanashikana mikono. Akaniambia: «Mjomba, sisi tutaenda kuoana namna hii. Huko hakuna listi ya mali, hakuna shangazi, hakuna kelele. Mashahidi wawili, foto, basi.» Binti anakubali. Baba ya binti, anayekaa ng'ambo ya mto, Alunguli, hajui kitu. Dada yangu, mama ya kijana, anajua na halali usiku. Aliniomba niseme neno. Sikusema siku ile. Nilitaka kwanza kuangalia kama historia ina neno la kusema.

Kutorosha kwa zamani

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Kuna kutorosha ambako binti mwenyewe amekubali, amefunga nguo zake mwenyewe, ametembea kwa miguu yake. Na kuna kunyakua, ambako binti anakamatwa njiani kwa nguvu. Hilo la pili si mila ya kutetea. Ni jeuri, na tangu sheria ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya makosa ya kijinsia, kumlazimisha mtu ndoa ni kosa la jinai katika Kongo. Mimi nasema juu ya lile la kwanza.

Sisi watu wa Kindu tuna njia nyingi za kukimbilia. Kuna Lualaba: jioni mnaingia mtumbwini Kasuku au Mikelenge, asubuhi mko mbali. Kuna masua ya kwenda Ubundu. Na tangu kampuni ya CFL, iliyoundwa mwaka 1902, kuleta reli, kulikuwa na treni ya kwenda Kongolo. Lakini angalieni jambo moja. Hata aliyekimbia mbali alikuwa anamtuma mjumbe. Kutoroka bila mjumbe ilikuwa wizi. Kutoroka na mjumbe ilikuwa njia ya kufungua mazungumzo kwa nguvu. Wazee walikuwa wanakasirika, wanatoza faini ya kuwavunjia heshima, halafu wanakaa kitako na kupanga mali. Mlango ulikuwa umefungwa, lakini ufunguo ulibaki ndani ya kitasa.

Mhunzi wa Uskoti

Kuoana kwa siri katika nchi ya baridi si jambo jipya, wala si sisi tulioanza. Uingereza ilitoa sheria mwaka 1753, ikaanza kazi mwaka 1754: ndoa ifanywe kanisani, itangazwe au ipate kibali, na aliye chini ya miaka 21 anayetaka kuoa kwa kibali apate ruhusa ya wazazi. Lakini sheria hiyo haikuingia Uskoti, upande wa kaskazini. Kule ilitosha mume na mke kutamka mbele ya mashahidi wawili kwamba wanaoana. Basi vijana wa Uingereza wakawa wanapanda magari ya farasi, baba anafukuza nyuma, mpaka kijiji cha kwanza ng'ambo ya mpaka kinachoitwa Gretna Green. Mhunzi wa chuma akawa kama kasisi wao, na fuawe lake likawa kama madhabahu. Mwaka 1856 serikali ikatoa sheria kwamba mmoja wao awe amekaa Uskoti siku 21 kwanza. Mwaka 1940 ndoa za namna ile zikakomeshwa. Hata hivyo watu bado wanakwenda Gretna Green kuoana, sasa kwa furaha tu na kwa picha.

Mpwa wangu akisoma hapa atasema: «Umeona, Mjomba? Hata wazungu.» Ngoja kwanza, mtoto wangu. Kuna mwingine aliyekimbilia baridi, na huyu alisema lugha yetu.

Binti Sultani wa Unguja

Kiswahili chetu cha Maniema kilipanda kutoka pwani pamoja na misafara ya waungwana, wakafika Nyangwe na Kasongo. Juu ya misafara ile alikuwepo Sultani wa Unguja. Seyyid Said bin Sultani alikuwa na watoto wengi, na mmoja aliitwa Salme, aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria, mwenye asili ya Circassia. Baba alikufa mwaka 1856, mama akafuata mwaka 1859 katika ugonjwa wa kipindupindu. Salme alijifundisha mwenyewe kuandika, jambo ambalo wasichana wa jumba hawakufundishwa. Kalamu hiyo ikamtia matatani: mwaka 1859 kaka yake Barghash alipotaka kumpindua kaka yao Majid, binti huyu wa miaka 15 ndiye aliandika barua za waasi. Uasi ulishindwa. Majid alimsamehe, lakini ndugu wengi walimwacha peke yake.

Nyumba yake mjini Unguja ilikuwa karibu na nyumba ya mfanyabiashara Mjerumani kutoka Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Wakajuana, wakapendana. Yeye Mwislamu na binti sultani, huyu Mkristo na mgeni. Hakuna mshenga angeweza kubeba posa ile. Mwaka 1866 ikajulikana kwamba Salme ana mimba, na maisha yake yakawa hatarini.

Wakapanga. Jaribio la kwanza, kwa meli ya Wajerumani, halikufaulu. Mke wa daktari Seward, aliyekuwa anashika kazi ya konseli wa Uingereza, akamsaidia. Walichagua usiku wa Siku ya Mwaka, wakati desturi inawapa wanawake ruhusa ya kuteremka pwani kuoga baharini. Usiku ule wa Agosti 1866 Salme aliteremka pamoja na wengine, lakini yeye aliingia mashuani, akapelekwa kwenye manowari ya Waingereza iliyoitwa Highflyer. Hakuoga. Aliondoka.

Meli ikamfikisha Aden. Kule alimzaa mtoto wa kiume mwezi wa Desemba, akamngoja bwana yake miezi mingi. Ruete alibaki Unguja kumaliza biashara zake, na Majid hakumdhuru. Tarehe 30 Mei 1867, siku moja hiyohiyo, Salme alibatizwa kwa jina la Emily na akafunga ndoa. Halafu wakasafiri kwenda Ulaya. Yule mtoto mchanga alifariki mwaka uleule.

Hamburg walikaa kando ya maji ya Alster, katika barabara inayoitwa Schöne Aussicht. Kwa Kijerumani maana yake ni mandhari nzuri. Ndivyo mpwa wangu anavyotaka: maji, miti, nyumba safi, baridi. Salme alivipata vyote. Alizaa watoto watatu wengine. Halafu mwezi wa Agosti 1870 bwana yake alipata ajali ya tramu, akafariki. Mtoto mkubwa hajatimiza miaka 3, mdogo hajatimiza miezi 4.

Hapa ndipo msomaji asimame. Kwetu bibi akifiwa, ukoo wake unakuja. Wanauliza: ndugu yetu anakaa namna gani? Watoto watalelewa na nani? Wanayo haki ya kuuliza, kwa sababu walimtoa wao, mbele ya watu. Salme hakutolewa na mtu. Hakuna aliyepokea mali yake, basi hakuna aliyeona deni. Kwa kuwa aliacha Uislamu, urithi wake ulimponyoka. Majid alikufa mwaka uleule wa 1870, Barghash akatawala, huyo aliyeandikiwa barua na Salme zamani. Barghash hakumsamehe.

Mwaka 1885 Salme alirudi Unguja kwa meli ya Wajerumani. Lakini Bismarck hakumtuma kwa huruma. Alimtumia kama fimbo ya kumtisha Sultani, wakati manowari za Wajerumani zimetia nanga mbele ya jumba. Sultani alipokubali mambo ya Wajerumani huko bara, shida ya Salme ikasahauliwa. Huo ndio mwaka ambao huko Ulaya nchi yetu iliandikwa mali ya Leopold, mfalme wa Wabelgiji. Mwaka 1888 Salme alijaribu tena kwenda Unguja, akakataliwa tena. Alikufa Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari 1924. Katika vitu vyake walikuta kifuko chenye mchanga wa pwani ya Unguja. Aliutunza mchanga huo mpaka kufa.

Sisi watu wa Maniema hatuwezi kumlilia bila kukumbuka jambo lingine. Katika kitabu alichotoa Berlin mwaka 1886 alieleza utumwa wa kwao kama jambo la kuvumilika. Kwa ajili hiyo uwanja mmoja wa Hamburg uliopewa jina lake mwaka 2019 ulinyang'anywa jina hilo baadaye. Watu waliofungwa minyororo Nyangwe wakapelekwa pwani, wao pia waliondoka bila kuagana, na hakuna aliyewauliza kama wanataka. Wahenga walisema: mkataa kwao mtumwa. Lakini kuna waliokatazwa kwao kwa nguvu, na kuna waliofungiwa mlango na ndugu zao. Tusiitumie methali kumpiga mtu aliyeumia.

Mali ni nini?

Wengi wanasema mali ni bei ya binti. Hapana. Mahari ya Kiislamu ni ya binti mwenyewe. Mali ya kimila inapokelewa na ukoo, na mwenye kupokea amekuwa shahidi. Kila mbuzi ina mtu nyuma yake ambaye siku ya matata hawezi kusema «mimi sikujua». Mali ni njia ya kurudia nyumbani.

Sheria ya nchi inakubali hivyo. Kanuni ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka mali kabla ya ndoa, lakini inasema hata sehemu yake ikitolewa inatosha ndoa kufungwa. Marekebisho yale yaliweka tena umri wa miaka 18 kwa mume na kwa mke, wakati ile ya 1987 iliruhusu msichana wa miaka 15.

Basi lawama isiwe ya vijana peke yao. Baba anayeandika listi ya kurasa mbili, na pikipiki juu yake, anamwonyesha binti yake njia ya kutoroka. Salme alikimbia kwa sababu hakukuwa na mlango wa kubisha. Sisi mlango tunao. Tukiufunga kwa tamaa, tusishangae watoto wakipita dirishani.

Nilivyomjibu

Nilimwita mpwa wangu, nikamsimulia habari hii kama nilivyoiandika hapa. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza swali moja tu: «Ule mchanga, walimzika nao?» Nikamwambia walimzika Hamburg, katika kaburi la ukoo wa bwana yake.

Siku ya Jumapili tulivuka mto, wazee watatu, kwenda Alunguli. Hatukubeba mbuzi, tulibeba barua ya kuomba kuzungumza. Baba ya binti alituweka uani muda mrefu. Halafu akaleta viti. Listi yake ni ndefu, nimeiona, na tutarudi kuizungumza. Sijui tutaishia wapi. Lakini barua ameipokea, na aliipokea kwa mikono miwili.

Baridi na milima havikatazwi. Waende wakapige picha zao kwenye theluji kama wanataka. Waende baada ya kuagwa, ili siku wakitaka kurudi, mtu awe anawangoja kivukoni.